Umeokota mbwa alafu mtu kaja anasema ni wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila siku, yanabadilika maneno tu. Wengine wameokota, wengine wamepotelewa, wengine wako katikati wanavutwa kila upande. Nimeyapanga kuanzia ya kawaida mpaka yale ya kuumiza kichwa. Sheria za wanyama zinatofautiana nchi na nchi, hata mji na mji, kwa hiyo kabla hujachukua hatua kubwa ulizia za kwenu.

## Ya mwanzo mwanzo

Nimemkuta mbwa barabarani, hana kola, hana mtu. Si ndo wangu sasa?

Bado. Sehemu nyingi duniani mbwa kisheria anahesabiwa ni mali, na mali ikipotea inabaki ya mwenyewe hata kama yeye hajui iko wapi. Ufaransa tangu 2015 sheria yao inamtaja mnyama kuwa ni kiumbe hai mwenye hisia, lakini likija suala la nani anammiliki bado kanuni za mali ndo zinatumika.

Ila hata wewe uliyeokota una haki yako. Mwaka 1722 huko Uingereza kijana aliyekuwa anasafisha mabomba ya moshi aliokota pambo lenye vito, akalipeleka kwa sonara likapimwe bei, vito vikachomolewa wakagoma kumrudishia. Kijana akashinda kesi, na kanuni iliyobaki mpaka leo kwenye nchi nyingi zinazofuata mfumo wa Kiingereza ni kwamba muokotaji ana haki kuliko watu wote isipokuwa mwenye mali. Yaani jirani hawezi tu kuja kukunyang'anya mbwa eti na yeye anampenda. Mwenyewe halisi ndo anaweza.

Nitajuaje kama huyu ni koko tu au kuna mtu anamtafuta?

Kwa kumwangalia peke yake huwezi kujua, na hapa ndo watu wengi wanakosea. Mbwa wa ndani akipotea wiki tatu anakonda, anajaa kupe, manyoya yanashikana, anakimbia watu, pengine hata mwenyewe akimwita anajificha kwa sababu hofu imeshamkaa. Unamwangalia unasema huyu alikuwa anateswa au katupwa, kumbe kuna mtoto mahali analia kila usiku.

Vitu vya kuangalia: manyoya yaliyolala au kukatika kuzunguka shingo (alama ya kola), kovu la kufungwa kizazi au kuhasiwa, namba zilizochorwa ndani ya sikio, kama anajua kupanda gari, kama ukisema "kaa" anakaa. Hata akikosa vyote hivyo, mchukulie kuwa kapotea mpaka utakapothibitisha vinginevyo.

Kitu cha kwanza nifanye nini, nimwogeshe?

Usimwogeshe kwanza! Mpige picha kwanza, najua unamwonea huruma lakini dakika tano hazitamuua (kama kaumia basi daktari kwanza, picha baadaye). Picha ya uso, ubavu wa kushoto na wa kulia, tumbo, meno, nyayo zote nne, mkia. Kola kama ipo usiitupe hata ikinuka, na angalia ilikuwa imefungwa tundu la ngapi, maana mwenyewe mara nyingi anakumbuka.

Alafu andika: tarehe, saa, mahali ulipomkuta, alikuwa anatokea upande gani. Mpeleke kwa daktari wa mifugo au kituo cha wanyama wakamsome chipu (kidude chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi), na toa taarifa kwa mamlaka inayohusika na mbwa wanaozurura kwenye eneo lako. Omba namba ya taarifa, kama hawatoi andika jina la aliyekupokea na saa. Kadaftari hako ndo katakuokoa baadaye, maana mabishano mengi ninayoyaona hayaamuliwi na nani anampenda mbwa zaidi, yanaamuliwa na nani aliandika kitu mapema.

Nitangaze vipi bila kujiletea matapeli?

Weka picha moja ya uso, taja eneo kwa ujumla, basi. Kosa ninaloliona karibu kila posti ni mtu anamwaga kila kitu: jike, kafungwa kizazi, ana kovu goti la kulia, kola nyekundu, alikutwa karibu na daraja. Sasa mwenyewe akija utamuuliza nini? Majibu yote ushayatoa, mtu yeyote anayesoma anaweza kujifanya ndo mwenyewe.

Bakiza kitu kimoja au viwili usivyovisema kwa mtu, hata kwa rafiki yako wa karibu. Mimi niliwahi kuokota jike la rangi ya mchanga, la kawaida kabisa, ukipita mtaani unaona kama hao kumi. Lakini mguu wa nyuma kushoto alikuwa na ukucha mmoja mweupe na nyingine zote nyeusi. Sikuandika popote. Walikuja watu watatu wakidai, wawili kati yao wakiwa na machozi kabisa, na ni mama mmoja tu ambaye kabla hata sijamuuliza alisema "mwanangu huwa anamwambia kapaka rangi kidole kimoja". Mjadala ukaishia hapo.

## Ushahidi: nani kweli mwenyewe

Mtu kanipigia anasema ni wake. Nimuulize maswali gani?

Mwache yeye aongee. Usiulize "ana doa jeupe kifuani?" kwa sababu jibu litakuwa ndiyo, sikuzote ni ndiyo. Uliza "nielezee alivyo, kuanzia kichwani", alafu nyamaza. Kimya kinawasumbua sana waongo, wanaanza kukuuliza wewe maswali ili wapate pa kushika.

Baada ya hapo muulize alipotea lini, wapi, na ilikuwaje. Linganisha na daftari lako. Kama anasema kapotea Jumamosi na wewe ulimwokota Alhamisi iliyotangulia, hakuna haja ya kuendelea, mshukuru umalize simu. Muulize daktari wake ni nani, ana picha za zamani (tazama swali linalofuata), ana tabia gani ya ajabu, anaogopa nini, analala wapi. Mtu aliyeishi na mbwa ana vitu vya kijinga vya kusema kuhusu huyo mbwa, kwamba anaogopa ufagio au anaiba soksi za mguu mmoja tu, na tapeli anakuwa na sifa za jumla, "mzuri sana, mpole sana".

Usichukulie mtu kuwa mwongo kwa sababu tu kapaniki au kakosea kitu kimoja. Watu waliopotelewa wanachanganya kushoto na kulia, wanasahau tarehe. Angalia picha nzima.

Kaniletea picha, zinatosha?

Inategemea. Picha moja ya mbwa mweusi ni picha ya mbwa mweusi. Unataka picha kadhaa, za siku tofauti, ndani ya nyumba yake, akiwa na watu wake, na ukikuza unaona alama zile zile: umbo la doa, mpasuko wa sikio, mabaka kwenye pua. Mwambie akuonyeshe kwenye simu yake mwenyewe, kwenye albamu pale, maana faili lina tarehe yake. Skrinshoti aliyotumiwa na mtu haina maana, inaweza kuwa imetoka kwenye posti yako wewe.

Kwa mtoto wa mbwa uwe mwangalifu zaidi. Wanabadilika sana ndani ya miezi michache, rangi inageuka, masikio yaliyolala yanasimama, pua inakuwa nyeusi. Hapa meno yanasaidia: mtoto ana meno 28 ya utotoni, na kwenye mwezi wa tatu au wa nne yanaanza kung'oka mpaka karibu mwezi wa saba awe na 42 ya kikubwa. Kwa hiyo mtu akisema mbwa wake alipotea wiki iliyopita akiwa na miezi mitatu, na wewe unaye mwenye magego yote ya kikubwa, hesabu haikubali.

Chipu inasema nini hasa? Si inaonyesha mwenyewe moja kwa moja?

Haionyeshi. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele kinachowekwa chini ya ngozi katikati ya mabega, hakina betri, hakina GPS, na ndani hakina jina la mtu. Kina namba tu. Ukipitisha skana inatoa hiyo namba, za kiwango cha kimataifa ni tarakimu 15, alafu namba inatafutwa kwenye kanzidata ilikosajiliwa ndo jina na simu vinatoka. Tarakimu tatu za mwanzo ni namba ya nchi au ya kiwanda kilichotengeneza (zinazoanzia 900 kwenda juu kwa kawaida ni kiwanda), kwa hiyo zinaweza kukupa fununu ya pa kuanzia kutafuta.

Skana ikinyamaza usiseme hana. Chipu huwa inahama, unaweza kuikuta begani, kwenye mguu wa mbele au hata kifuani, kwa hiyo skana ipitishwe taratibu mwili mzima, pande zote mbili. Tena kuna chipu za zamani zinazotumia masafa mengine, 125 au 128 kHz badala ya 134.2, na skana ya aina moja inaweza isizione. Kajaribu sehemu ya pili.

Chipu ina jina la mtu A, lakini anayedai ni mtu B. Nimpe nani?

Usimpe yeyote kwanza. Chipu ni ushahidi mzito lakini si hati ya umiliki. Hata Uingereza, ambako England ilifanya chipu kuwa lazima kwa mbwa kuanzia Aprili 2016, anayeandikwa ni mtu anayekaa na mbwa, na hilo peke yake halithibitishi kuwa ndo mmiliki. Watu wanauziana mbwa, wanapeana, wanarithishana, na usajili haubadilishwi miaka na miaka.

Wasiliana na kanzidata wao ndo wamtafute A. Data za mtu kwa kawaida hawakupi wewe, na wako sahihi. A akisema "ah, huyo nilimuuza kwa B miaka miwili nyuma", imekwisha, muombe aandike ujumbe mfupi. A akisema "aliibiwa kwangu", basi hii siyo kesi yako tena, wapeleke wote wawili polisi na mbwa abaki mahali pasipo pa A wala B.

Kadi ya chanjo, risiti, hivyo vina nguvu?

Vina nguvu sana, hasa vikiwa na tarehe za kabla ya mbwa kupotea. Piga simu kwa daktari aliyeandikwa kwenye kadi, sio namba aliyokupa mdai, tafuta mwenyewe. Rekodi ya daktari inaweza kuwa na uzito, umri, kovu la operesheni, jino lililong'olewa. Kadi iliyojazwa yote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja siku moja iangalie mara mbili.

Na asiyekuwa na karatasi? Wapo wengi, mbwa wao hajawahi kuona daktari. Hao usiwatupe, mashahidi wanahesabika, majirani wawili watatu wasio ndugu wanaomjua huyo mbwa kwa jina.

Si tumwite tu mbwa tuone anamkimbilia nani?

Kila mtu analipenda hili jaribio, na mimi silikubali kama ushahidi wa peke yake. Mbwa mchangamfu anamkimbilia yeyote mwenye kitu mfukoni. Mbwa mwoga hamkimbilii hata aliyemlea. Na aliyeishi na wewe miezi sita atabaki kwako kwa sababu kwako ndo chakula kinatoka, sio kwa sababu yule mwingine anadanganya.

Ila usilidharau pia. Kuna ile namna ya mbwa kunusa mkono sekunde mbili tatu, alafu mwili mzima unaanza kupinda, mkia unazunguka, analia kwa sauti ambayo hujawahi kuisikia tangu umlete nyumbani. Ukiiona utaijua. Chukua video, iweke pamoja na ushahidi mwingine.

DNA je?

Inafaa pale tu kuna kitu cha kulinganisha. Mdai akiwa na mama wa huyo mbwa au ndugu zake wa tumbo moja, kipimo kinaweza kuonyesha undugu. Lakini undugu hausemi nani alimnunua baadae. Kwa mabishano mengi ni gharama ya bure.

## Wakati wa kukabidhiana

Watu wawili wanamng'ang'ania na wote wanaonekana wa kweli. Nifanyeje?

Inawezekana kabisa wote ni wa kweli. Mbwa mmoja anaweza kuwa na nyumba mbili, asubuhi anakula huku jioni anakula kule, kila mmoja anajua ni wake. Au walikuwa wapenzi wakaachana (hilo lina swali lake huko chini).

Usijifanye hakimu. Kila mmoja akupe ushahidi wake kwa maandishi, kila mmoja peke yake, asione wa mwenzake. Kama bado huelewi, mkabidhi mbwa kwenye mamlaka au kituo kilicho rasmi upewe karatasi, waambie wote kwa ujumbe mmoja unaofanana kwamba mbwa yuko hapo na wao wakabishane huko. Ukimpa mmoja kwa kuwa alilia zaidi na baadaye ikaonekana siye, mwenyewe anaweza kukudai wewe.

Makabidhiano yafanyike wapi?

Kwa daktari wa mifugo, kituo cha wanyama au kituo cha polisi. Usimwelekeze mtu usiyemjua nyumbani kwako. Omba kitambulisho, andikeni karatasi fupi: nimepokea mbwa wa aina hii, tarehe hii, nathibitisha ni wangu na nikibainika nimedanganya nitawajibika, saini, picha ya mbwa na huyo mtu pamoja. Tapeli akisikia saini na picha mara nyingi anapata dharura njiani, hafiki.

Nimetumia hela nyingi kwa daktari. Naweza kumshikilia mbwa mpaka nilipwe?

Kuomba kurudishiwa gharama za lazima ni haki, na mwenyewe mwungwana atalipa bila kuombwa. Weka risiti zote. Kumshikilia mbwa ndo penye mtego. Ujerumani sheria inamruhusu muokotaji kudai gharama, kukaa na mnyama mpaka alipwe, na hata inampa zawadi ya asilimia 3 ya thamani ya mnyama. Sehemu nyingine ukimzuia unageuka wewe ndo mkosaji. Kama hujui ya kwenu, mrudishe alafu mdai hela kwenye mahakama ya madai madogo, ni njia salama zaidi.

Na gharama za lazima ni chakula, matibabu, chanjo. Kumnyoa mtindo na kumnunulia sweta hukutumwa.

Alinitangazia zawadi, sasa nimempa mbwa hatoi hela.

Kama tangazo liko kwenye maandishi na ulimrudisha kwa sababu ya hilo tangazo, sehemu nyingi hiyo ni ahadi inayodaiwa. Ila pima kama inastahili usumbufu.

Kinyume chake, wewe uliyepotelewa: mtu akikuambia tuma hela kwanza ndo nikutumie picha, hana mbwa. Mwombe video ya mbwa akiwa pembeni ya karatasi yenye tarehe ya leo.

## Muda ukishapita

Nimekaa naye zaidi ya mwaka, leo mwenyewe katokea. Nimrudishe?

Hili ndo swali linaloletewa machozi na pande zote, na jibu lake linategemea mambo mawili: sheria ya mahali ulipo, na ulifanya nini siku za mwanzo.

Sheria za muda zinatofautiana vibaya mno. Ufaransa mbwa akiingia kwenye kituo cha umma anasubiriwa siku 8 za kazi, zikipita hajafuatwa anahesabiwa katelekezwa. England mamlaka inamshikilia siku 7, na muokotaji akitaka kukaa naye mwenyewe kwa utaratibu rasmi lazima akae naye si chini ya siku 28. Uswisi mnyama wa kufugwa nyumbani ni miezi 2 baada ya kutoa taarifa, Ujerumani ni miezi 6. Unaliona hilo neno taarifa? Kwa kawaida saa inaanza kuhesabu pale ulipotoa taarifa, sio pale ulipomwokota. Mtu aliyemficha mbwa ndani miaka mitatu bila kumwambia mtu anaweza kukuta hajaanza hata siku ya kwanza.

Kuna kesi ya jimbo la Vermont, Marekani, iliyoamuliwa 1997, ambayo naipenda kwa sababu inaonyesha hilo waziwazi. Mbwa alichomoka kwenye kola yake akapotea, mwanamke akamkuta barabarani. Akapiga simu kituo cha wanyama, akabandika matangazo kwenye mbuga na maduka, akatangaza mpaka redioni. Mwenyewe hakutokea. Mwaka ukapita na zaidi, mwenyewe akaja kusikia mbwa yuko wapi. Mahakama ya Juu ya jimbo ikampa ushindi muokotaji, kwamba aliyefanya juhudi za kweli kumtafuta mwenyewe na akamtunza mnyama muda wa kutosha anaweza kubaki naye. Sasa mwondolee yule mwanamke hayo matangazo na redio, anabaki na nini? Anabaki ni mtu aliyechukua mbwa wa mtu.

Kwa hiyo kabla hujabishana na huyo aliyetokea, kaa chini utafute ulichonacho: posti zako za wakati ule, namba ya taarifa, meseji kwa daktari. Kama vipo, una cha kusimamia. Kama havipo, mtafute mwanasheria kabla hujaongea maneno mengi kwenye grupu.

Mimi sikumwokota, nilimchukua kwenye kituo kwa karatasi zote. Mwenyewe wa zamani anaweza kumchukua?

Hapa umesimama pazuri zaidi. Kituo kikifuata muda wa kisheria kabla ya kukupa, kwa kawaida umiliki wa mwenyewe wa kwanza umeshakatika. Anachoweza kupinga ni utaratibu: hawakusoma chipu, hawakusubiri siku zinazotakiwa, hawakuwa na mamlaka ya kumtoa. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005 kesi za namna hii zilikuwa nyingi Marekani, mbwa walisafirishwa majimbo ya mbali wakapewa watu wapya, alafu wenyewe waliopoteza nyumba wakaja kuwatafuta. Omba kituo nakala ya kumbukumbu zao, na usikubali kukutana na mdai bila wao kujua.

Nimeshamwandikisha chipu kwa jina langu. Si imetosha?

Haijatosha, soma tena swali la chipu ya A na B. Na kama uliiona namba ya mtu ukaamua kubadilisha bila kumtafuta, umejitengenezea ushahidi dhidi yako mwenyewe, tena wenye tarehe.

## Kesi ngumu

Alikuja kwangu na makovu, nina uhakika alikuwa anapigwa. Lazima nimrudishe kweli?

Naelewa. Lakini "nina uhakika" ya nani? Makovu yanaweza kuwa ya waya, ya mbwa wengine, ya gari alilogongana nalo akiwa amepotea. Mbwa anayejikunyata ukinyanyua mkono pengine alizaliwa mwoga tu.

Njia sahihi ni daktari ampime aandike ripoti: umri wa makovu, hali ya mwili, mifupa iliyowahi kuvunjika. Ipeleke kwa mamlaka inayoshughulikia ukatili kwa wanyama na umwambie mdai kwamba suala liko huko. Wao wana nguvu ya kumnyang'anya mtu mbwa, wewe huna. Ukimficha kimya kimya, siku ikifika mahakamani utaonekana mwizi mwenye huruma, na mbwa atarudi kule kule.

Kazaa nikiwa naye. Watoto ni wa nani?

Kanuni ya kawaida ni kwamba watoto wanamfuata mama, kwa hiyo mwenye mama ana madai juu yao pia. Mimba ya mbwa ni kama siku 63. Kama kazaa wiki tatu baada ya kumwokota, hiyo mimba alikuja nayo. Kwa vitendo watu wengi wanapatana, mama anarudi, muokotaji anabaki na mtoto mmoja au wawili na analipwa gharama za uleaji. Usiwagawe kabla hawajafika wiki 8, na usiwagawe kabisa kama madai hayajaisha.

Kamng'ata mtu nikiwa bado natafuta mwenyewe.

Acha ya umiliki kwanza. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 alafu mtu aende hospitali siku hiyo hiyo, historia ya chanjo ya huyo mbwa huijui na kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu ni kifo. Mbwa atengwe na aangaliwe siku 10, toa taarifa. Usimkabidhi kwa mdai yeyote ndani ya hizo siku 10 bila mamlaka kujua. Kuhusu nani anawajibika, sehemu nyingi anayekaa na mbwa anabeba lawama hata kama si wake, kwa hiyo tangu siku ya kwanza usimwache huru na watoto.

Mimi ndo nimepotelewa. Nimemwona mbwa wangu kwa mtu, kagoma kunipa. Nikamchukue usiku?

Hapana hapana. Ukiruka ukuta, kesi inageuka kuwa ya kwako wewe kuvunja. Tuma barua au ujumbe wa adabu, eleza ushahidi wako bila kumwaga wote, mpe siku kadhaa, pendekeza mkutane kwa daktari msome chipu pamoja. Akikataa chipu kusomwa, hilo jibu lihifadhi, linasema mengi.

Alafu polisi. Wanaweza kukuambia hii ni kesi ya madai mkamalizane mahakamani, usikasirike, waombe tu waandike kwamba uliripoti. Kumbuka mtu anayemjua mwenyewe na bado anakatalia mali, kwenye nchi nyingi hapo ameshakaribia wizi. Mahakamani unaweza kuomba mbwa arudishwe yeye mwenyewe, sio hela tu, na uombe amri asiuzwe wala kuhamishwa wakati kesi inaendelea.

Usimtangaze mtandaoni kwa jina na picha ya nyumba yake. Ukikosea mbwa umemharibia mtu maisha, na ukipatia bado unaweza kushtakiwa.

Tuliachana, mbwa akapotea, kaokotwa, sasa wote wawili tunamdai kwa muokotaji.

Muokotaji hayumo humo, msimtese. Atamkabidhi kwa mwenye ushahidi mzito au kwa mamlaka, na ninyi mtagawana huko mnakogawana vitanda. Kwenye talaka baadhi ya majimbo ya Marekani, Alaska ilianza 2017, mahakama inaweza kuangalia mbwa mwenyewe atakuwa salama kwa nani. Kwengine ni nani alimnunua, basi.

Mbwa niliyemwokota nilimpa rafiki akae naye, kumbe kamuuza.

Hukuweza kumpa rafiki kitu ambacho hukuwa nacho, na yeye hakuweza kuuza. Mwambie mnunuzi haraka, kwa maandishi, kwamba mbwa ana mwenyewe anayetafutwa. Ukikaa kimya unaunganishwa.

Nimemrudisha na moyo unaniuma. Naweza kudai kumwona?

Kudai huwezi. Kuomba unaweza, na wengi wanakubali. Yule mama wa ukucha mweupe sikumwomba kitu, nilikuwa nimekasirika kidogo kusema kweli, nilishaanza kumzoea yule mbwa anavyolala na kichwa juu ya kiatu changu. Baada ya kama wiki mbili akanitumia video bila maneno yoyote: mbwa kalala mlangoni, na kichwa kakiegemeza kwenye kandambili ya mtoto.